Rani Rampal: tumesimulia sana umaskini wake, tumesahau kusimulia mpira wake

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikikutana na habari za Rani Rampal, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya wanawake ya India ya mpira wa magongo, nakuta simulizi ile ile. Baba alikuwa mvuta mkokoteni, mama alifanya kazi za ndani kwa watu, mtoto hakuwa na gongo, mtoto akafika Olimpiki. Ni kweli tupu na inagusa moyo. Lakini ukimaliza kuisoma hujui alicheza nafasi gani, alifunga mabao ya aina gani, wala kwa nini wenzake walimtafuta yeye maji yalipofika shingoni. Mtu aliyecheza mechi 254 za kimataifa na kufunga mabao 120 anastahili kuzungumzwa kama mchezaji. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Naanzia katikati ya safari yake, tarehe 2 Novemba 2019, uwanja wa Kalinga, mjini Bhubaneswar. India na Marekani wanagombea tiketi moja ya kwenda Olimpiki ya Tokyo. Utaratibu ulikuwa mechi mbili kwa siku mbili mfululizo, uwanja ule ule, mabao yanajumlishwa. Jana yake India wameshinda 5-1. Mabao manne mkononi, uwanja wa nyumbani, mashabiki wamejaa. Nani angedhani kuna kazi iliyobaki?

Dakika ya 5 Amanda Magadan anafunga. Dakika ya 14 Kathleen Sharkey. Dakika ya 20 Alyssa Parker. Dakika ya 28 Magadan tena. Timu zinakwenda mapumziko Marekani wakiongoza 4-0, na ukijumlisha na ya jana ni 5-5. Akiba yote ya jana imeliwa ndani ya nusu saa.

Wanaojua michezo wanajua hali hiyo inavyomla mtu. Ukianza na deni unapigana kwa sababu huna cha kupoteza. Ukianza na akiba halafu ukaiona inayeyuka mbele ya macho yako, miguu inakuwa mizito, kila pasi unaipiga kwa woga. Robo ya tatu ikapita bila bao. Robo ya nne ikaanza. Dakika ya 48 mpira ukamfikia Rani ndani ya duara, akaupiga, ukaingia. Jumla 6-5. Zikabaki dakika 12 za kuzuia, wakazuia, wakaenda Tokyo.

Siku hiyo walipoteza mechi kwa 4-1, na hilo bao moja la kufutia machozi kwenye karatasi ya matokeo ndilo lililowapa Olimpiki. Mfungaji alikuwa nahodha mwenyewe.

Nitaendelea. Karibuni kwanza mchangie.

#2 Mwana Kandanda

Mkuu, shukrani kwa uzi. Ila nakupinga kidogo. Utamtenganishaje na alikotoka? Alikotoka ndiko kulikomtengeneza. Ukiniambia mabao 120 pekee, hiyo ni takwimu, wapo wengi wenye takwimu. Mimi kilichonishika kwake ni kwamba alitoka pale alipotoka.

#3 Bibi Asubuhi

Naungana na #2, na naomba niweke hapa mambo ambayo Rani mwenyewe amewahi kuyasimulia, kwa sababu wengi wanayapita juu juu.

Alizaliwa Desemba 1994 Shahabad Markanda, mji mdogo katika jimbo la Haryana. Baba yake alikuwa akipata rupia 80 kwa siku. Nyumbani umeme ukikatika hadi asubuhi wanasikiliza mbu, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Karibu na kwao kulikuwa na chuo cha magongo, akawa anakwenda kusimama pembeni na kutazama wenzake wakicheza. Alimwomba kocha amruhusu, kocha akamkatalia, alimwona mwembamba mno, hana nguvu za mazoezi. Akaokota gongo lililovunjika akaanza kufanya mazoezi nalo peke yake, amevaa nguo zake za kawaida, hadi kocha akakubali.

Nyumbani nako kulikuwa na kazi. Wazazi walimwambia hawawezi kumruhusu akimbie uwanjani na sketi fupi. Aliwaomba, akawaambia akishindwa atafanya lolote watakalo.

Sasa sikilizeni hili. Mazoezi yalianza alfajiri, na nyumba ile haikuwa na saa. Mama yake alikuwa akikesha, anatoka nje anatazama mbingu, akikadiria kuwa kumekaribia kupambazuka ndipo anamwamsha bintiye. Mimi ni mama. Najua maana ya kukatiza usingizi kwa ajili ya mtoto, lakini usingizi wa mtu aliyeshinda akifua na kufagia nyumba za watu ni kitu kingine.

Na maziwa je? Kila mchezaji alitakiwa kuleta nusu lita ya maziwa kila siku ayanywe. Kwao waliweza kununua mililita 200 tu. Rani akawa anajaza maji yaliyobaki, anakwenda nayo, kimya, ili asikose mazoezi.

Kwa hiyo mleta uzi, usituondolee hayo. Tusimulie na mpira, lakini hayo yaache yakae.

#4 Mleta uzi

Bibi Asubuhi, shikamoo na asante sana. Umeyaweka vizuri kuliko magazeti mengi, na nakubali, sikutaka kuyafuta.

Ila hebu yaangalie maziwa yale kwa jicho la mpira. Chuo kinachomdai mtoto nusu lita ya maziwa kila siku si mahali pa watoto kuja kupoteza jioni. Pale Shahabad kocha Baldev Singh alikuwa amejenga kiwanda cha wachezaji. Mji ule mdogo umetoa wachezaji wa timu ya taifa mmoja baada ya mwingine. Kikosi kilichokwenda Tokyo kilikuwa na wachezaji watatu waliotoka huko: Rani, Navjot Kaur na Navneet Kaur. Kocha yule alikuwa mkali kupindukia, na ni yeye huyo huyo aliyemnunulia Rani viatu na vifaa, hata akamweka nyumbani kwake akae na familia.

Ninachotaka kusema ni kwamba umaskini haukumfundisha Rani kufunga. Umaskini waliokuwa nao watoto wengine wengi wa Shahabad haukuwafanya washambuliaji. Alifundishwa, akarudia jambo moja mara maelfu, akawa fundi. Tukisema "alitoka kwenye umaskini akafanikiwa" bila kutaja ufundi, tunamnyima kazi yake mwenyewe.

#5 Kipa wa Zamani

Hapo umenigusa, mkuu. Nimedaka magongo miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nieleze kidogo kwa wasioujua mchezo, maana nafasi ya Rani huwezi kuielewa bila sheria.

Katika magongo, bao linahesabiwa tu endapo mshambuliaji ameugusa mpira akiwa ndani ya duara. Lile duara mbele ya goli lina umbali wa mita 14.63 kutoka kwenye milingoti. Ukipiga kombora la ajabu kutoka katikati ya uwanja na hakuna mwenzako aliyeugusa mle ndani, umepoteza muda wako. Kwa hiyo vita yote ya magongo ni kuingia mle.

Pili, hakuna kuotea. Sheria hiyo iliondolewa miaka ya 1990. Mshambuliaji anaweza kusimama pua na pua na kipa, lakini mabeki nao wanamganda kama kupe.

Tatu, gongo lina upande mmoja bapa, na ule wa pili umeviringika, hauruhusiwi kuchezea. Mpira ukija upande wako wa kushoto inabidi uligeuze gongo kichwa chini, ndani ya nusu sekunde, ndipo upige. Huo ni ufundi unaotesa. Kwa kipa, mshambuliaji mwenye uwezo wa kupiga pande zote mbili ni balaa, kwa sababu bega lake halikwambii kitu.

Rani alikuwa wa namna hiyo. Na jambo lililonivutia zaidi ni pale anaposimama. Sijamwona akikimbia ovyo. Anajiweka mahali ambapo mpira ukigonga kipa ukarudi, unamkuta. Sisi makipa tunawachukia watu wa namna hiyo kuliko wenye mashuti makali. Shuti kali unalifuata, lakini yule wa mpira unaorudi anakukuta umelala.

#6 Mleta uzi

Kipa, nakushukuru. Hicho ndicho nilichokosa maneno ya kukieleza.

Tuendelee na safari sasa. Mara ya kwanza kuvaa jezi ya taifa ya wakubwa ni 2008, bado binti mdogo wa shule. Mwaka 2010 Kombe la Dunia likafanyika Rosario, Argentina. Rani ana miaka 15, ndiye mdogo kuliko wote kikosini. India wanamaliza nafasi ya 9. Katika timu iliyomaliza ya 9, mtoto huyo anafunga mabao 7 na kuondoka na tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa mashindano. Mabao saba dhidi ya watu wazima, kwenye timu inayoshambuliwa muda mwingi, maana yake nafasi alizopata zilikuwa chache na hakuzichezea.

Kisha 2013, Kombe la Dunia la vijana, Mönchengladbach, Ujerumani. India wanacheza na Uingereza kutafuta nafasi ya tatu, mechi inakwisha 1-1, wanashinda kwa penalti. Ilikuwa medali ya kwanza kwa wasichana wa India katika mashindano hayo, na Rani akatangazwa mchezaji bora wa mashindano yote. Miaka 18.

Nilipofika hapo katika kumfuatilia ndipo nilipoacha kumwita "binti wa mvuta mkokoteni". Mchezaji bora wa dunia kwa rika lake, basi.

#7 Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, mimi mgeni wa mchezo huu. Kwani India si wababe wa magongo tangu zamani? Nimesikia wana dhahabu nyingi za Olimpiki. Mbona mnazungumza kana kwamba kufuzu kwenyewe kulikuwa muujiza?

#8 Mleta uzi

Karibu sana, ndugu. Swali lako ni la maana kabisa.

Dhahabu hizo ni za wanaume, nane kwa jumla. Wanawake ni habari nyingine. Magongo ya wanawake yaliingia Olimpiki mwaka 1980, Moscow. Mataifa mengi yalisusia, zikacheza timu sita tu, India wakawa wa nne. Baada ya hapo hawakurudi tena hadi Rio 2016. Miaka 36. Fikiria: Rani alikuwa bado hajazaliwa, na mama za wachezaji wenzake wengi walikuwa wasichana wadogo.

Na Rio yenyewe ilikuwa kipigo. Walianza vizuri kwa sare ya 2-2 na Japani, Rani akiwa mmoja wa wafungaji. Kisha 3-0 kwa Uingereza, 6-1 kwa Australia, 3-0 kwa Marekani, 5-0 kwa Argentina. Timu 12, India ya 12. Mabao matatu ya kufunga katika mechi tano.

Naomba muishike namba hiyo, 12, kwa sababu ndiyo kipimo changu cha kazi yake yote.

Baada ya Rio akaja kuwa nahodha. Novemba 2017, fainali ya Kombe la Asia kule Kakamigahara, Japani, dhidi ya China. Sare 1-1. Penalti za magongo si kama za soka: mchezaji anaanzia mstari wa mita 23 na mpira, kipa anatoka kumkabili, ana sekunde 8 tu za kufunga. Zilipofika hatua ya mmoja mmoja, kipa Savita akaokoa na Rani akafunga. India 5-4. Kombe la kwanza la Asia kwao tangu 2004, na tiketi ya Kombe la Dunia.

Mwaka 2018, robo fainali ya Kombe la Dunia London, wakatolewa na Ireland kwa penalti. Mwaka huo huo wakapata medali ya fedha ya Michezo ya Asia huko Jakarta, wakifungwa na Japani 2-1 fainali, na Rani ndiye aliyebeba bendera ya India kwenye sherehe za kufunga. Kisha ikaja ile ya Bhubaneswar niliyoanza nayo.

#9 Mwana Kandanda

Hapo sawa. Lakini mkuu, tuongee ukweli. Tokyo hakupata medali, na kama sikosei alifunga bao moja tu mashindano mazima. Nahodha, mshambuliaji, bao moja katika mechi nane. Kwa mizani ya kawaida hiyo ni kufeli.

#10 Mleta uzi

Hukosei, ni bao moja. Na nataka nilizungumzie hilo bao kwanza.

Mechi ya kwanza ya kundi, Uholanzi, timu bora duniani kwa mbali. Uholanzi wanafunga dakika ya 6. Ungetegemea mafuriko. Dakika ya 10 Rani anasawazisha, na matokeo yanabaki 1-1 hadi mapumziko. Mwisho wakafungwa 5-1, sawa, lakini nusu saa ile iliwaonyesha wasichana wale kwamba wanaweza kusimama na yeyote.

Kisha mambo yakaharibika. Ujerumani 2-0. Uingereza 4-1. Mechi tatu, vipigo vitatu. Kwa timu iliyoshika mkia Rio, kila mtu aliona filamu ile ile inarudi. Sasa wewe ni nahodha, chumba cha kubadilishia nguo kimejaa mabinti wenye miaka 19, 20, 21. Unafanya nini?

Wakaifunga Ireland 1-0, bao la Navneet dakika za mwisho. Kesho yake Afrika Kusini 4-3, Vandana Katariya akifunga matatu, Mhindi wa kwanza mwanamke kufanya hivyo katika Olimpiki. Hata hapo hawakuwa wamefuzu. Ilibidi wasubiri Uingereza na Ireland wacheze jioni ile. Uingereza wakashinda 2-0, na India wakaingia robo fainali.

Tarehe 2 Agosti 2021, Australia. Hawa walikuwa wameshinda mechi zote tano za kundi lao. Dakika ya 22 Gurjit Kaur akafunga kwa penalti kona, yaani pigo la adhabu linaloanzishwa kutoka mstari wa goli, na baada ya hapo ni kuzuia, kuzuia, kuzuia, Savita golini amesimama kama ukuta. 1-0. Kwa mara ya kwanza wanawake wa India wakawa nusu fainali ya Olimpiki. Kule Moscow hapakuwa na nusu fainali, walicheza mtindo wa ligi.

Argentina wakawatoa 2-1. Mechi ya shaba dhidi ya Uingereza naomba mtu aitafute aitazame yote. Wako nyuma 2-0, wanafunga matatu kabla ya mapumziko, wanaongoza 3-2, wanaishia kufungwa 4-3. Walilia uwanjani. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo ndugu yangu Mwana Kandanda, bao moja ni kweli. Ila timu ilifunga 12, na yalitoka kwa watu sita tofauti. Rio walikuwa na mabao matatu. Nahodha anayejali takwimu zake angebaki pale mbele akidai mipira. Huyu alirudi nyuma kuchukua mpira na kuusukuma kwa Vandana na wenzake. Kutoka nafasi ya 12 hadi ya 4 ndani ya miaka mitano.

#11 Kipa wa Zamani

Naongeza kimoja kwenye mechi ya Australia. Watu wanamtaja Gurjit na Savita, na wanastahili. Lakini ukiwa unalinda bao moja kwa zaidi ya nusu saa, kazi ya mshambuliaji ndiyo inayokuokoa wewe kipa. Akiupata mpira akaushikilia sekunde kumi kwenye kona ya mbali, akapigiwa faulo, akaenda taratibu kuuchukua, hizo ni sekunde kumi mabeki wangu wanapumua. Hakuna anayeziandika popote. Kipa anazihesabu.

#12 Bibi Asubuhi

Na tuzo je? Nakumbuka mwaka fulani alipigiwa kura dunia nzima.

#13 Mleta uzi

Ndiyo, tuzo ya mwanamichezo bora wa mwaka 2019 ya Michezo ya Dunia, kwa kura za watu, matokeo yalitoka Januari 2020. Alipata kura 199,477, na alikuwa mchezaji wa kwanza wa magongo kuitwaa. Kwao India alipewa tuzo ya michezo ya Arjuna mwaka 2016, kisha 2020 akapata nishani ya taifa ya Padma Shri na tuzo ya Khel Ratna, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa ya michezo nchini mwao.

Lakini kwa kuwa wewe ndiye uliyetuletea habari za mama yake, nikurudishie hii. Zawadi yake ya kwanza ya mashindano ilikuwa rupia 500. Akampa baba yake mkononi. Mzee hakuwahi kushika kiasi hicho kwa mkupuo. Hapo Rani akawaahidi kwamba ipo siku watakuwa na nyumba yao wenyewe, na mwaka 2017 akainunua. Mwaka huo huo wa Kombe la Asia.

#14 Mpiga Kona

Wakuu, mimi naomba mnieleze mwisho wake. Nilimfuatilia hadi Tokyo, baada ya hapo kama alipotea. Alidhulumiwa?

#15 Mleta uzi

Sehemu hii naiandika kwa uzito.

Baada ya Tokyo msuli wa nyuma ya paja ukamsumbua, na majeraha ya aina hiyo kwa mshambuliaji ni kama kumkata fundi cherehani vidole. Kila ukitaka kuchomoka ghafla unajizuia. Unahodha ukaenda kwa Savita. Rani akarudi katikati ya 2022 kwenye Ligi ya Pro, ligi ya kimataifa ya timu za taifa, barani Ulaya, lakini Kombe la Dunia la mwaka huo, Uholanzi na Hispania, hakuwemo, wala Michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham, ambako India walichukua shaba. Mwanzoni mwa 2023 akaenda na timu Afrika Kusini. Baada ya hapo milango ikazidi kuwa midogo. Akapewa kufundisha wasichana wa chini ya miaka 17.

Kama alidhulumiwa? Yaliyosemwa ndani ya vyumba vya makocha siwezi kuyatolea hukumu. Ninachoweza kusema ni kwamba iliniuma kuona mchezaji wa namna ile akimaliza miaka yake miwili ya mwisho akisubiri simu. Alikuwa hajafika hata miaka 30.

Tarehe 24 Oktoba 2024, New Delhi, uwanja wa Major Dhyan Chand, akatangaza kustaafu. Siku hiyo wanaume wa India walikuwa wanacheza na Ujerumani, na yeye akaagwa pale pale. Shirikisho likaistaafisha jezi namba 28, hakuna atakayeivaa tena katika timu ile ya wakubwa. Mwaka mmoja kabla, uwanja wa Rae Bareli ulikuwa umeshapewa jina lake, akawa mwanamke wa kwanza wa magongo kupata heshima hiyo. Ligi ya wanawake ilipoanza India mapema 2025, alikuwa mlezi wa wachezaji katika klabu ya Soorma.

#16 Mwana Kandanda

Nimesoma yote kwa utulivu, mkuu, na nimerudi nyuma kidogo kwenye msimamo wangu. Ila nina swali la mwisho. Umesema kipimo chako ni kutoka 12 hadi 4. Je, Paris 2024 bila yeye ilikuwaje?

#17 Mleta uzi

Hawakwenda.

Mashindano ya kufuzu yalichezwa nyumbani kwao, Ranchi, Januari 2024. Timu tatu za juu zinakwenda Paris. India wakafika mechi ya nafasi ya tatu dhidi ya Japani. Japani wakafunga mapema, dakika ya 6. Zilibaki dakika 54 za kutafuta bao moja la kusawazisha. India wakashambulia, wakapata penalti kona, wakapata nyingine na nyingine, hakuna hata moja iliyoingia. Ikaisha 1-0.

Sisemi Rani angekuwepo wangefuzu. Alikuwa ameumia mara nyingi, na wasichana waliokuwepo walipigana. Novemba ya mwaka ule ule wakiwa na Salima Tete kama nahodha walichukua Kombe la Mabingwa wa Asia huko Rajgir, kwa hiyo timu haijafa.

Lakini nilipokuwa naitazama ile robo ya nne ya Ranchi, uwanja wa nyumbani umejaa, bao moja linatakiwa, saa inakwenda, macho yangu yalikuwa yanatafuta jezi namba 28 ndani ya duara. Ilipofika dakika ya 48 nikaitazama saa kwenye kioo. Mpira ulikuwa katikati ya uwanja, miguuni mwa Japani.